Supavaiza anataka kichwa chake, mi nataka changu, na makala haijatumwa

Shikamoo mshauri, pole na majukumu. Nakusoma siku zote ila leo ndo naandika, na naomba jina langu lisitoke maana tunaohusika tuko watu wanne na wote wanaweza kujitambua hapa.

Ukiisikia shida yangu unaweza kuona ni kitu kidogo. Ni kichwa cha makala. Makala yenyewe imeisha, ikisiri ipo (ule muhtasari mfupi wa mwanzo), majedwali yapo, marejeo yamekaa sawa, mwenzetu wa takwimu ameshasema kwake kumeisha, yani kilichobaki ni ule mstari wa juu kabisa na huo mstari ndo umetukwamisha wiki na wiki, na kwa kweli saa hivi umeshakuwa ugomvi wa chini chini ambao hakuna anayeutaja.

Nikueleze utafiti wenyewe. Mimi kabla ya kurudi shule kusoma masta nilikuwa muuguzi, na zamu za usiku nimezifanya sana. Kwa hiyo nikaamua kuwaangalia wauguzi wa zamu ya usiku, wakitoka kazini asubuhi wanalalaje, na wakiwa kazini wanakosea dawa mara ngapi. Kukosea namaanisha dozi siyo, muda siyo, mgonjwa siyo, au dawa imetolewa na haikuandikwa. Tulikuwa hospitali mbili kubwa. Madodoso tuligawa saa tisa usiku, ule muda ambao wodi imetulia kidogo, na kuna muuguzi mmoja alijaza akiwa amesimama, karatasi ameiegemeza kwenye toroli la dawa, akafika kwenye swali la makosa ya mwezi uliopita akanyanyua kichwa akaniuliza "hii haifiki kwa metroni?" Nikamwambia haifiki, haina jina. Akaweka tiki akaigeuza karatasi chini. Wengi walijaza namna hiyo, kwa kuniamini.

Tulichopata ni kwamba wale waliosema wanalala vibaya ndo haohao waliosema wanakosea zaidi. Mwenzetu wa takwimu alipoingiza na idadi ya wagonjwa ambao kila muuguzi alikuwa nao kwa zamu, ule uhusiano wa usingizi na makosa ukapungua, ila haukuisha.

Sasa vichwa. Mimi niliandika hiki: "Usingizi Mbovu Unasababisha Makosa ya Dawa kwa Wauguzi wa Usiku." Kifupi, mtu akisoma anajua tumepata nini. Supavaiza akakifuta kwenye faili akaandika chake juu yake, hakuacha hata komenti moja: "Tathmini ya Uhusiano Kati ya Ubora wa Usingizi na Makosa ya Utoaji Dawa Yanayoripotiwa na Wauguzi wa Zamu ya Usiku Katika Hospitali Mbili za Rufaa: Utafiti wa Kipindi Kimoja." Mshauri, mpaka unafika mwisho umesahau mwanzo. Na jarida tunalotaka kutuma lina kikomo cha maneno na hicho kimezidi. Alafu rafiki yangu, yeye naye ni mwandishi mwenza, akaja na chake: "Aliye Macho Haoni? Usingizi na Makosa ya Dawa Zamu ya Usiku." Huyu anasema watu lazima washtuke kwanza ndo wafungue, na akanitumia link ya utafiti unaosema makala zenye vichwa vifupi zinanukuliwa zaidi, yani watafiti wengine wanazitaja zaidi kwenye kazi zao, eti hiyo peke yake inatosha kumaliza ubishi.

Mtu wa takwimu yeye hakuleta kichwa, alinitumia imeli fupi tu kwamba hilo neno "unasababisha" hana raha nalo. Nikamjibu tutaongea, na bado hatujaongea.

Ninachoogopa ni viwili. Supavaiza wangu ni mtu mzuri, amesoma kila rasimu yangu na nitahitaji barua yake nikitaka kuendelea na masomo, sasa nikimbishia kwa kitu kama kichwa ataniona sina adabu. Lakini pia mwandishi wa kwanza ni mimi, jina langu ndo linatangulia, na wale wauguzi niliwaambia kazi hii itasomwa. Nikiweka "Tathmini ya Uhusiano" naona kama nimewaahidi kitu alafu nikakifungia kabatini. Nikiweka changu napigana na mkubwa wangu. Nikiweka cha rafiki sijui wahakiki, wale wataalamu wanaoipima makala kabla haijachapishwa, watatuonaje. Nifanyeje mshauri? Na ni kweli kichwa kifupi ndo kinanukuliwa zaidi?

Aliyekwama kwenye mstari wa kwanza

MAJIBU

Marahaba mwanangu. Hongera kwanza kwa kumaliza, na hongera kwa kusimama wodini saa tisa usiku na makaratasi yako mkononi, hiyo siyo kazi ya kila mtu.

Na wala sioni kama ni kitu kidogo. Watu wengi watakaokutana na kazi yako hawatasoma kitu kingine zaidi ya huo mstari. Mhariri akimtafuta mhakiki anamtumia kichwa na ikisiri, na yule mtu anaamua hapohapo kwenye simu anakubali au anakataa. Mwanafunzi akisachi anapata orodha ndefu ya vichwa, macho yanashuka, anafungua viwili vitatu, vilivyobaki vinapita. Kwa hiyo mnagombania sehemu ambayo inastahili kufikiriwa sana, na wala usijione mtoto kwa kuumia nayo.

Nikirudisha nilivyokuelewa: una vichwa vitatu na kila kimoja kina mtu nyuma yake. Chako kinatangaza jibu. Cha supavaiza kinaeleza mlifanya nini. Cha rafiki kinauliza swali. Mtu wa nne hana kichwa ila ana wasiwasi. Alafu kuna kundi la tano ambalo haliko kwenye imeli zenu, wauguzi waliojaza. Wewe umesimama katikati na unaona ni lazima mmoja ashinde. Hapo ndo ningependa tukae kidogo, maana kuna mambo umeyachukulia kama yameshaamuliwa na mimi naona bado.

Nianze na ile link ya rafiki yako. Huo utafiti naufahamu, ni wa Adrian Letchford na wenzake, ulitoka 2015. Waliangalia makala 140,000 zilizonukuliwa sana za kuanzia 2007 mpaka 2013, na ni kweli waliona vichwa vifupi vinaendana na kunukuliwa zaidi. Lakini kilichoonekana zaidi ni kwamba majarida yanayotoa makala zenye vichwa vifupi ndo majarida ambayo makala zake zinanukuliwa sana. Sasa jiulize, ni ufupi wa kichwa unaoleta manukuu, au ni kwamba majarida makubwa yanabana vichwa na yangenukuliwa vyovyote vile? Jarida la Nature kwa mfano mwongozo wao unataka kichwa kisizidi herufi 75 pamoja na nafasi. Jarida jingine, PLOS ONE, wanakuruhusu mpaka herufi 250. Ukilinganisha makala za hapa na za kule hujalinganisha urefu wa vichwa tu. Kwa hiyo hiyo link haiwezi kumaliza ubishi, kwa sababu ileile ambayo mtu wenu wa takwimu hana raha na "unasababisha". Vitu viwili vinatembea pamoja, nani anamvuta mwenzake haijulikani.

Kuna tafiti nyingine za namna hiyo na kila mmoja wenu angeweza kuokota ya kumtetea. Paiva na wenzake 2012 waliona makala ambazo vichwa vyake vinataja matokeo zinanukuliwa zaidi ya zinazotaja mbinu, hapo ungefurahi wewe. Haohao waliona vichwa vyenye alama ya kuuliza, vyenye nukta mbili, na vinavyotaja eneo vinanukuliwa kidogo. Jamali na Nikzad 2011 waliona vichwa vya maswali vinapakuliwa sana ila havinukuliwi sana, yani watu wanafungua kwa hamu alafu wanaondoka. Na Sagi na Yechiam 2008, kwenye majarida mawili ya saikolojia, waliona vichwa vya kuchekesha sana vilinukuliwa kidogo kuliko vingine. Ukizisoma zote inakuwa kama kichwa cha rafiki yako ndo kiko hatarini zaidi, lakini mimi nisingekitupa kwa sababu hiyo peke yake. Hizo ni wastani za maelfu ya makala za watu wengine, na wewe una makala moja.

Alafu hili la kwamba kichwa kirefu kinachoeleza tu ni kuifungia kazi kabatini. Watson na Crick mwaka 1953 walipotoa muundo wa DNA, makala ya kama ukurasa mmoja hivi, kichwa chao kilikuwa "Muundo wa Molekuli za Asidi za Nyukilia: Muundo wa Asidi Nyukilia ya Deoksiribosi." Kina nukta mbili, kinarudia neno muundo, hakimshtui mtu yeyote, na mpaka leo kila mtu anaijua ile kazi. Upande wa pili Einstein mwaka 1905, makala iliyoleta ule mlinganyo wake wa nishati na masi aliipa kichwa cha swali, kwamba je inesha ya kitu, yani ule ugumu wake wa kubadilishwa mwendo, inategemea nishati iliyomo ndani yake? Na mwaka 2017 watu wa kompyuta wakatoa makala inaitwa "Umakini Ndio Pekee Unaouhitaji," kichwa ambacho hakisemi hata kama ni habari ya kutafsiri lugha, na ikawa msingi wa hizi programu za kuongea na mashine zilizojaa kila sehemu. Unaona hakuna namna moja. Ila na mimi sitaki nikudanganye kwa mifano ya wakubwa, maana hizo kazi zingetafutwa hata zingeitwaje, ya kwako mtu inabidi aikute kwanza.

Sasa naomba ukitazame tena kichwa cha supavaiza, ila safari hii usihesabu urefu. Angalia neno "yanayoripotiwa." Angalia "kipindi kimoja." Hayo maneno mawili yanabeba ukweli ambao chako hakina: kwamba makosa hamkuyaona kwa macho yenu, waliyasema wenyewe, na kwamba mlipima mara moja tu, usingizi na makosa kwa pamoja, kwenye karatasi ileile. Ukipima mara moja huwezi kujua kipi kilitangulia. Inawezekana mtu halali vizuri ndo anakosea. Inawezekana pia alikosea, ana hofu, ndo halali. Inawezekana wodi ina wagonjwa wengi kupita kiasi na hiyo inamharibia vyote viwili, na hata takwimu zenu zenyewe zimegusa hapo maana idadi ya wagonjwa ilipoingia uhusiano ulipungua. Nadhani supavaiza alipofuta chako bila komenti hakuwa anakudharau, huenda aliona ni jambo la wazi. Sisemi alifanya vizuri kufuta kimyakimya, mwanafunzi anastahili kuelezwa. Lakini kuna mwongozo unaitwa STROBE, wa tafiti kama zenu za kuangalia bila kuingilia kati, na jambo la kwanza kabisa kwenye orodha yake ni kwamba aina ya utafiti itajwe kwenye kichwa au kwenye ikisiri. Majarida mengi ya afya yanaufuata. Umeona neno "au"? Hapo pana nafasi ya kuongea, kwa sababu aina ya utafiti ikikaa vizuri kwenye ikisiri kichwa kinaweza kupumua.

Kuna kitu kingine kimenikaa rohoni kwenye barua yako na ntakiuliza tu. Hivi nyie wanne mmekubaliana mmepata nini? Maana nikikusoma wewe, habari ni usingizi. Nikisoma namba za mwenzenu, habari ni usingizi pamoja na mzigo wa wagonjwa. Nikisoma cha rafiki, habari ni mtu aliye macho ila haoni. Mara nyingi watu wanapovutana juu ya kichwa kwa muda mrefu hivo, wanachovutana ni ujumbe wa makala, na kichwa ndo sehemu pekee ambayo huwezi kuficha kwamba hamjaamua. Ndani ya makala unaweza kuweka aya ya hiki na aya ya kile, juu pale inabidi uchague. Kama ni hivo basi hata mkipiga kura ya vichwa mtarudi palepale.

Na yule muuguzi wa kwenye toroli. Unasema ulimwahidi kazi itasomwa, na naona jinsi linavyokuumiza. Lakini aliyokuuliza pale ilikuwa habari ya metroni, alitaka kujua kama atalindwa. Sasa mvute pembeni kichwani kwako, mpe chako akisome: usingizi mbovu unasababisha makosa ya dawa kwa wauguzi. Kikitoka hivo na mtu wa gazeti akakichukua, au mkuu wa hospitali akakisoma bila kufungua ndani, kosa linamwangukia nani? Linamwangukia anayelala, siyo anayepanga zamu. Labda hujakusudia hivo hata kidogo, wewe umeyaishi maisha hayo. Na labda ukilitafakari utaona bado ni sawa, maana usingizi wa mtu unategemea ratiba aliyopangiwa na hoja yako ndo hiyohiyo. Mimi sijui, ila ningependa uamue ukiwa umemfikiria huyo mtu anakisoma.

Tukija kwenye njia ulizonazo. Unaweza kubaki na kichwa kinachotangaza matokeo ila ukakishusha mpaka kwenye kile ambacho data inakibeba, kwa mfano "Wauguzi wa Zamu ya Usiku Wanaolala Vibaya Huripoti Makosa Zaidi ya Dawa." Hapo "unasababisha" imeondoka, "huripoti" imeingia, na bado mtu anajua mmepata nini. Hatari yake, kuna wahakiki na majarida hawapendi kabisa kichwa chenye kitenzi kinachotangaza jibu, wanaona kinamsemea msomaji kabla hajaona ushahidi, kwa hiyo fungua jarida lenyewe uangalie matoleo ya karibuni wenzako wanaandikaje. Na kile nilichosema cha lawama hakijaondoka.

Unaweza kuchukua cha supavaiza ukakipunguza uzito bila kukivunja. "Tathmini ya Uhusiano Kati ya" haimpi msomaji kitu, kila utafiti wa namna hiyo ni tathmini ya uhusiano, na inakula nafasi ya mbele ambayo ndo inaonekana wakati orodha ya kwenye simu inakata mwisho wa sentensi. Ukianza na "Usingizi na Makosa ya Dawa kwa Wauguzi wa Zamu ya Usiku: Utafiti wa Kipindi Kimoja Katika Hospitali Mbili," maneno ambayo mtu angeyasachi yamekuja mbele, na maneno ya tahadhari yamebaki nyuma. Hatari yake ni kwamba kimekuwa salama na hakisemi mlichokipata, na "yanayoripotiwa" imetoka kwa hiyo itabidi ikae wazi kwenye ikisiri. Nikwambie ukweli, kwa makala nyingi hiyo siyo hasara kubwa, ila kwa wewe unayetaka isomwe na wapanga zamu inaweza kuwa.

Kuhusu kutaja hospitali mbili kwenye kichwa, hapo nina maoni yangu. Kuna watu watakwambia toa, ukitaja mahali watu wanaona kazi ni ya kwenu tu. Na ni kweli kwenye saikolojia imeonekana tafiti zilizofanywa kwa watu wa Marekani ni nadra kutaja nchi kwenye kichwa kuliko za nchi nyingine, kama vile wao ndo binadamu wa kawaida na wengine ni mfano. Hilo linanikera. Lakini dawa yake sijui kama ni sisi nasi kuficha mahali data ilipotoka. Mkitaja mjue mnataja kwa sababu mahali pana maana kwenye matokeo yenu, na msipotaja kwenye kichwa patajwe kwenye ikisiri bila kuzungusha.

Njia ya tatu inatokana na namba za mwenzenu: "Usingizi, Idadi ya Wagonjwa na Makosa ya Dawa Yanayoripotiwa Zamu ya Usiku." Hiki kinagawa mzigo, muuguzi hayuko peke yake kwenye kichwa. Ila kikienda hivo lazima na ndani ya makala idadi ya wagonjwa ipewe nafasi yake ya kweli, kwenye utangulizi na kwenye mjadala, siyo mstari mmoja wa jedwali. Inaweza kuwa kazi ya siku kadhaa zaidi, na unaweza kuamua hutaki.

Na cha rafiki yako, "Aliye Macho Haoni?" Kizuri masikioni, nakiri. Tatizo langu siyo utani, ni kwamba maneno hayo matatu ya mbele hakuna mtu atakayeyaandika akitafuta habari za makosa ya dawa, na yule wa lugha nyingine atakayekitafsiri kwa mashine atapata kitu cha ajabu. Alafu kinamwambia muuguzi haoni. Kinaweza kufaa sana kwa mada mtakayoisimamia kwenye kongamano au makala ya kuelezea utafiti wenu kwa watu wa kawaida, ambako mtu anakusikia ukieleza palepale. Muulize kama angefurahi kikitumika huko.

Kuna vitu viwili ningevifanya kabla ya kuongea na yeyote. Kila kichwa kiandike peke yake, bila ikisiri, mpe mtu asiye wa timu yenu, muuguzi mmoja na mtu wa fani nyingine kabisa, umuulize swali hili tu: unadhani hawa wamepata nini? Usimsaidie. Andika anachosema kama alivyokisema. Ukikuta anakwambia "wamethibitisha usingizi ndo chanzo" na nyie hamjathibitisha, umeshapata jibu la kichwa hicho. Alafu chukua maneno makuu ya kila kichwa uyaweke kwenye PubMed au Google Scholar, zile tovuti za kutafutia makala za kitaalamu, uone yanakupeleka kwenye makala gani. Kama yanayokuja ni ya watu ambao ungependa kukaa nao meza moja, maneno yako yako sawa. Kama yanakuja mambo ya mbali kabisa, hata wanaokutafuta wewe wataishia hukohuko.

Sasa supavaiza. Unaona kumbishia ni kukosa adabu, na nakuelewa, mkubwa ni mkubwa. Lakini kuna tofauti ya kumwambia "sikipendi kichwa chako" na kwenda na karatasi yenye vichwa vitatu vinne, na chake kimo, umsomee watu walivyovielewa, alafu umuombe: mwalimu, naomba unieleze ni kitu gani kwenye changu kilikutia shaka. Sidhani kama mwalimu aliyesoma kila rasimu yako atakasirika kwa swali hilo. Unaweza hata kuanzia kwenye kikomo cha maneno cha jarida, kwa sababu chake kimezidi na lazima kipunguzwe, na hapo mnaanza kupunguza pamoja badala ya kuchagua chako au chake. Inawezekana akabaki na msimamo wake mpaka mwisho. Hapo utakuwa na uamuzi mgumu kidogo na siwezi kukufanyia, ila utakuwa unajua sababu zake, na kichwa cha kutuma kwanza siyo lazima kiwe cha mwisho, wahakiki na wahariri mara nyingi wanaomba kibadilishwe. Ikishachapishwa ndo inakuwa ngumu kukigusa.

Ila kabla ya kwenda kwa supavaiza kuna imeli haijajibiwa. Mtu wa takwimu alikwambia hana raha, ukamwambia tutaongea. Mpigie. Muulize angependa sentensi ya matokeo iandikweje kama yeye ndo anaiandika peke yake, siyo kichwa, sentensi tu. Iandike alivyoisema, iweke mbele yako, uone vile vichwa vitatu vinakaaje pembeni yake.